Dakika saba za kusoma: kuandaa kikao cha mwandishi kwenye tamasha la vitabu

Anayekuja kumsikiliza mwandishi tamashani amekuja kusikia kitabu kikisomwa na aliyekiandika. Historia ya mwandishi, tuzo zake na maoni yake kuhusu siasa ataweza kuyapata redioni au gazetini. Hata hivyo ratiba nyingi za vikao hivi zina mazungumzo marefu, kisha mstari mmoja pembeni: «mwandishi atasoma kidogo». Hilo «kidogo» lisilopimwa ndilo linaloharibu kikao. Mwandishi anafungua kitabu popote, anatafuta ukurasa huku ukumbi ukimngoja, anasoma dakika mbili au ishirini, na mwongozaji anashindwa kumkatiza. Mimi hupanga kusoma kwanza, mengine yote yakafuata.

Saa moja ya ratiba ni dakika 50 za jukwaani. Kumi zilizobaki ni za kutoa watu, kuingiza wengine na kubadilisha viti na majina mezani; usipozitenga, kikao cha tatu cha siku kitaanza nusu saa baadaye. Katika 50 hizo, utambulisho ni dakika mbili, kusoma kwa kwanza saba, mazungumzo kumi na nane, kusoma kwa pili nne, maswali ya hadhira kumi na nane, na dakika moja ya kutangaza meza ya kusaini. Kusoma kwa pili huja katikati, watu wakiwa wameshamzoea mwandishi, na mara nyingi ndiko kunakowapeleka mezani kununua.

Sasa kifungu chenyewe. Maneno ya Kiswahili ni marefu: «hawakutuambia» ni neno moja lenye silabi saba. Anayesoma kwa utulivu mbele ya watu hupita maneno 100 hivi kwa dakika. Wanaopiga hesabu kwa mwendo wa Kiingereza, maneno kama 150 kwa dakika, huleta kifungu kirefu kupita kiasi. Kwa dakika saba tafuta maneno 700, yaani kurasa mbili na kitu za riwaya ya kawaida, halafu mwandishi akisome kwa sauti, saa mkononi, akiwa amesimama. Kusoma kimoyomoyo si kipimo.

Sura ya kwanza si lazima iwe ndiyo ya kusomwa. Sura nyingi za mwanzo hutaja mji, ukoo na wahusika sita kwa mpigo, na msikilizaji hana pa kurudi kuangalia. Chagua tukio moja, mahali pamoja, watu wawili au watatu, wenye kusemezana. Likate kabla halijatatuka. Kama linahitaji zaidi ya sentensi tatu za maelezo kabla ya kusomwa, tafuta lingine.

Lugha yetu ina mtego wake hapa, na waandishi wazoefu pia hunaswa. Kiambishi «a-» hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Ukurasani, «alimtazama, akamwambia aondoke» inaeleweka kwa sababu jicho limeshaona majina mistari miwili juu. Sikioni haieleweki: nani kamtazama nani, na aondoke nani? Chukua penseli, andika jina juu ya kitenzi kila panapoweza kutatanisha, ulisome kama sehemu ya sentensi: «Zuhura alimtazama, akamwambia baba yake aondoke». Fanya vivyo hivyo kwa mazungumzo. Alama za usemi hazisikiki, kwa hiyo «alisema fulani» iliyo mwisho wa sentensi ihamishiwe mwanzo. Wapo wanaoona huku ni kuharibu maandishi. Mimi naona ni wajibu kwa msikilizaji, na kitabu kilichochapishwa kinabaki kama kilivyo.

Usisome kutoka kwenye kitabu chenyewe ikiwezekana. Chapa kifungu kwenye karatasi za A4, upande mmoja, herufi za ukubwa wa 16, nafasi moja na nusu kati ya mistari, na maandishi yaishie theluthi mbili ya ukurasa. Sehemu ya chini iachwe tupu kwa sababu maalumu: macho yakishuka chini ya karatasi, kidevu nacho hushuka, mdomo unaiacha maiki, na mwisho wa kila ukurasa sauti inapotea. Kila karatasi iishie kwenye nukta. Usizibane kwa pini. Zipe namba kubwa pembeni, na iliyosomwa iteleze kando bila kupinduliwa, maana karatasi inayopinduliwa karibu na maiki hulia kama moto wa makuti. Maneno marefu yagawe kwa mkwaju, wa/singe/tu/tambua, ili pumzi ijue itapita wapi. Simu siyo karatasi: kioo huzima katikati ya sentensi, na ujumbe huingia.

Ushairi una hesabu yake. Beti moja ya utenzi, vipande vinne vya mizani nane nane, husomwa kwa sekunde tisa hivi. Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti 102, ungechukua robo saa nzima kwa kusomwa tu, na kughani huongeza muda mara mbili au zaidi. Kwa hiyo ukimwalika malenga, mwulize mapema: atasoma au ataghani? Kama ataghani, mpe beti kumi na tano hadi ishirini, na mwambie fundi sauti, kwa kuwa sauti ya ghani hupanda ghafla na maiki iliyopimwa kwa mazungumzo itakwaruza. Shairi la mizani kumi na sita linahitaji kituo kifupi kwenye kina cha kati na kirefu zaidi kwenye kina cha mwisho. Anayekimbiza vina ili aonekane anasoma kama nathari huwanyima watu wa pwani kile hasa walichokuja kukisikia.

Kuhusu sauti, kupima kwa «moja, mbili, testi» hakusaidii, kwa sababu hakuna atakayesoma kwa ukali ule. Mwandishi apimwe kwa aya ya kwanza ya kifungu chake, kwa sauti atakayoitumia. Maiki iwe vidole vinne kutoka mdomoni, chini kidogo, ikielekea kwenye midomo kwa mshazari. Ikiwa mbele kabisa, kila «p» ya «pepo» na kila «b» ya «baba» itapiga mshindo. Spika zikae mbele ya meza ya mwandishi, zikiwaelekea watu. Zikiwa nyuma yake, maiki inameza sauti yake yenyewe na kupiga mluzi. Maiki isiyo na waya iwekewe betri mpya asubuhi na nyingine mchana, hata kama taa yake bado ni ya kijani. Ukumbi ukijaa ongeza sauti kidogo, kwani miili na nguo hunyonya mwangwi. Kwenye ua wa kuta za mawe, kama kwenye ngome za Mombasa na Zanzibar, ipunguze na umwombe mwandishi asome polepole zaidi.

Ratiba ya mji wa pwani ifuate jua. Alasiri huingia kati ya saa 9 na robo na saa 10, na magharibi baada tu ya saa 12 jioni. Kikao cha saa 10 na robo hadi saa 11 na dakika 5 hakigongani na adhana, na joto limeanza kuvunjika. Ijumaa mchana usiweke kitu. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, meza ya nje huhitaji vibanio vya nguo kwa karatasi na sponji juu ya maiki. Bila sponji upepo husikika kuliko msomaji.

Kitabu kilichotafsiriwa kina watu wawili wa kuketi jukwaani. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mfasiri alikuwa Ida Hadjivayanis, na maneno ya Kiswahili tunayoyasoma humo ni chaguo lake. Kwa kikao cha namna hiyo, lugha ya asili isomwe dakika moja, watu wasikie mdundo wake, kisha tafsiri isomwe kifungu kizima. Kusoma aya moja moja kwa zamu kunachosha na kunavunja hadithi. Tamasha la Macondo la Nairobi, lililoanza mwaka 2019 kwa kuwakutanisha waandishi wa nchi za Afrika zinazotumia Kireno na wenzao wa Kiingereza, linaonyesha ukubwa wa kazi ya lugha katika vikao kama hivi. Mkalimani yeyote apewe kifungu siku mbili kabla. Kufasiri fasihi papo kwa papo bila kuiona ni kumwonea.

Mwongozaji awe amekisoma kitabu chote na awe na maswali matano tu, kila moja limeshika ukurasa fulani. Amwulize mwandishi kabla ya kupanda jukwaani anapenda aitwe nani: Mzee, Bi, Mwalimu, Profesa, au jina tupu. Kijana anayemwita mtu mzima jina tupu mbele ya ukumbi bila ruhusa yake huwafanya watu wanune kimya, na kikao kinapoa bila mwongozaji kujua sababu.

Maswali ya hadhira yachukuliwe moja moja. Ukikusanya matatu, mwandishi atajibu la mwisho na kusahau la kwanza. Tangaza waziwazi: jina, kisha swali kwa sentensi moja. Maiki ya hadhira ishikwe na mhudumu wakati wote. Ikishaingia mkononi mwa mtu, swali linageuka mchango, na mchango unageuka hotuba. Wagawie vijana kadi za kuandikia tangu mwanzo, hasa ukumbi wa wanafunzi. Wengi wenye maswali mazuri hawatasimama mbele ya walimu wao. Kama kitabu ni kitabu teule cha mitihani, tenga kikao cha asubuhi cha shule peke yake. Watauliza maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, na wana haki ya kujibiwa kwa utulivu bila kuwachosha waliokuja jioni kwa starehe.

Meza ya vitabu. Kwa ukumbi wa watu 100 mimi huagiza nakala 25 hadi 30 za kitabu kipya, na tano tano za vilivyotangulia, kwa mali kauli (kulipia vikishauzwa), vifike siku tatu kabla. Namba ya malipo ya simu iandikwe kubwa, na chenji iwepo, maana mtandao hulemewa watu mia wakilipa kwa pamoja. Meza ikae nje, mbali na mlango. Kusaini nakala moja huchukua sekunde 40 hivi. Watu 60 ni dakika 40, na foleni ikiziba mlango kikao kijacho hakiingii. Mtu mmoja apite kwenye foleni na vikaratasi, kila mnunuzi aandike jina lake mwenyewe: Hadija, Khadija na Khadijah ni watu watatu tofauti. Kalamu iwe ya wino mzito wa kawaida. Wino wa jeli kwenye karatasi laini ya kung'aa, na unyevu wa pwani, huchafua ukurasa unaofuata.

Vilivyobaki visisainiwe kabla ya kumwuliza muuzaji. Mwandishi mwenye moyo mwema hupenda kusaini rundo lote kabla ya kuondoka, lakini mchapishaji kwa kawaida hapokei nakala iliyoandikwa, na muuzaji atabaki na deni la vitabu asivyoweza kurudisha. Mwulize anadhani atauza ngapi dukani wiki hiyo, zisainiwe hizo tu, na nyingine zihesabiwe mbele ya wote wawili na kufungwa kwenye boksi usiku huohuo.