Desmosedici RR: pikipiki inayochakaa kwa kusimama

Mteja anapoleta Ducati Desmosedici RR kwenye karakana yangu, natazama kwanza tairi la nyuma, kabla hata ya kuuliza imetembea kilomita ngapi. Pikipiki hizi zilitengenezwa 1,500 tu, na mwaka 2008 bei yake Marekani ilikuwa dola 72,500. Kwa sababu hiyo wengi walionunua walizifungia ndani wakiamini kwamba kilomita chache ndizo zinazolinda thamani. Kwa uzoefu wangu, imani hiyo imeharibu pikipiki nyingi kuliko barabara.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua kilichomo ndani. RR imefuata nyayo za pikipiki ambayo Ducati walishindana nayo katika MotoGP, mashindano makuu ya pikipiki duniani, mwaka 2006, msimu wa mwisho kabla kanuni hazijapunguza ukubwa wa injini kutoka sentimita za ujazo 990 hadi 800. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 989, yenye silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V la digrii 90, na hutoa takriban nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 13,800 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kila vali, yaani mlango mdogo wa kuingiza hewa au kutoa moshi kwenye silinda, hufunguka na kufunga mara 115 kwa sekunde. Katika injini za kawaida springi ndiyo inayoirudisha vali mahali pake, na mizunguko ikizidi sana springi hushindwa kuifuata kemu, yaani shafti yenye nundu inayozisukuma vali. Ducati huifunga vali kwa mkono wa chuma unaosukumwa na kemu ya pili, mfumo ambao mhandisi Fabio Taglioni aliuingiza katika pikipiki zao miaka ya 1950. Zaidi ya hapo, wakati Ducati nyingine za barabarani za siku hizo zilizungusha kemu kwa mikanda ya mpira, RR hutumia gia pekee, na ndizo zinazoipa ule mlio mkavu ambao mimi huutambua hata pikipiki ikiwa bado iko nje ya lango.

Sasa chukua mashine kama hiyo, yenye vali na mikono ya pistoni ya titani, rimu na vifuniko vya magnesi, uiache miaka mitano chini ya turubai. Oili yote hushuka chini, na siku ya kuwashwa kemu huanza kuzunguka zikiwa karibu kavu. Mafuta ya breki hufyonza unyevunyevu wa hewa na kuanza kula mitungi ya breki kutoka ndani. Petroli iliyobaki kwenye tangi huoza na kuacha utando kwenye nozeli. Magnesi nayo, rangi ikichubuka hata kidogo, huliwa na kutu nyeupe inayotambaa chini ya rangi bila kuonekana, hasa karibu na bahari. Mwenye pikipiki anayeitembeza kila baada ya wiki chache, akaipa injini muda wa kupata moto sawasawa kabla ya kuivuta, huwa hanipi kazi kubwa.

Tairi nalo lina kisa chake. Rimu ya nyuma ya RR ni ya inchi 16, wakati karibu pikipiki zote za aina hii hutumia inchi 17, na Bridgestone walilazimika kuitengenezea tairi lake maalumu la upana wa milimita 200. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa gumu kama ubao kwa uzee, kwa hiyo soma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa kuwa tairi la inchi 16 ni adimu, mimi hushauri kufunga rimu ya inchi 17 kwa ajili ya kuendesha na kuihifadhi ile ya asili, ila kimo cha nyuma kipimwe upya, maana kikibadilika hata kwa milimita chache usukani hubadilika tabia.

Kuiendesha mjini ni adhabu. Ekzosi hupanda na kutokea chini ya kiti, silinda za nyuma ziko karibu na mapaja, na klachi yake kavu, isiyooga kwenye oili, haipendi foleni. Ukiipeleka kwenye uwanja wa mashindano, pale ambapo shokapu za Öhlins zinapata mzigo zilioundiwa, kila kitu huanza kufanya kazi kwa pamoja, na breki ya mbele hukupa taarifa ya barabara kwa uwazi ambao sijaupata kwenye pikipiki nyingine ya namba ya usajili.

Anayetaka kununua leo adai kumbukumbu zote za huduma, hasa za kupima nafasi ya vali, yaani mwanya mdogo kati ya vali na sehemu inayoisukuma. Ahakikishe pia kwamba ekzosi ya mashindano na kompyuta yake ya injini, ambavyo viliuzwa pamoja na pikipiki, bado vipo. Vikikosekana, apunguziwe bei, kwa sababu kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ndefu na ghali.