Kompyuta kuukuu ya Linux inapowaka bila picha

Kompyuta ya zamani ikiwekewa Linux na kuishia kwenye skrini nyeusi, ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni kuongeza neno nomodeset kwenye maagizo ya kuwashia mashine. Ushauri huo si mbaya, ila wengi hulipachika neno hilo, wakaliacha humo, kisha wakalalamika kwamba Linux ni nzito, kwamba video zinakwamakwama na kwamba feni hainyamazi. Kwa maoni yangu, nomodeset ni chombo cha uchunguzi tu: inakuwezesha kuingia ndani ya mashine ili ujue kinachoisumbua, lakini yenyewe haitengenezi chochote.

Kabla ya kugusa programu, angalia picha inapotelea wapi. Kama nembo ya mtengenezaji na menyu ya GRUB (programu inayoanzisha Linux) zinaonekana, basi monita, kebo na kadi ya michoro vinafanya kazi angalau kwa kiwango cha msingi. Kama ni laptopu na skrini ni nyeusi tangu mwanzo, imulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona maandishi yaliyofifia, iliyokufa ni taa ya nyuma ya skrini, na hapo hakuna amri ya Linux itakayokusaidia.

Menyu ya GRUB ikionekana kisha giza likaingia, shuku hatua ambapo keneli, yaani kiini cha Linux, inachukua usukani wa skrini. Zamani kazi ya kupanga ukubwa wa picha ilifanywa na Xorg, programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini, lakini kuanzia keneli 2.6.29 ya mwaka 2009 kazi hiyo ilianza kuhamia ndani ya keneli yenyewe, kwanza kwa kadi za Intel, halafu kwa draiva za radeon (kadi za AMD) na nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA). Neno nomodeset huizuia keneli kufanya hivyo, na mashine hubaki na picha ile ile iliyopangwa na BIOS au UEFI, yaani programu ya msingi ya mashine. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa quiet na splash, andika nomodeset, kisha bonyeza Ctrl+X. Badiliko hilo hudumu kwa kuwasha mara moja tu, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukishaingia, amri lspci -k itakuambia ni kadi gani uliyonayo na draiva ipi inaihusu. Kisha jaribu journalctl -k -b -1, ambayo husoma ujumbe wa keneli wa uwashaji uliotangulia, mradi mfumo wako unahifadhi kumbukumbu hizo kwenye diski. Kwa kadi nyingi za Radeon, kosa huwa wazi kabisa: utakuta maneno "Failed to load firmware", yaani draiva ipo lakini faili la programu dhibiti ya kadi halipo. Kwenye Debian faili hilo limo katika kifurushi firmware-amd-graphics, na kabla ya Debian 12 ya mwaka 2023 halikuwamo kwenye diski rasmi ya usakinishaji, ndiyo maana watu wengi walikutana na skrini nyeusi mara tu baada ya kumaliza kusakinisha. Sakinisha kifurushi hicho, kisha washa upya bila nomodeset.

Kwa NVIDIA za zamani hali ni ngumu zaidi. Draiva za kampuni za mfululizo wa 340, zilizohudumia GeForce 8 na 9, ziliachwa mwishoni mwa 2019, na zile za 390 mwishoni mwa 2022. Kuzilazimisha zikubaliane na keneli mpya ni vita inayojirudia kila keneli inaposasishwa. Mimi hubaki na nouveau.

Baada ya hapo endesha glxinfo -B, iliyomo katika kifurushi mesa-utils. Mstari wa "OpenGL renderer" ukitaja llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayochora kila dirisha, kazi ambayo prosesa ya zamani kama Core 2 Duo huifanya kwa taabu. Mara nyingi chanzo ni nomodeset iliyosahaulika, na cat /proc/cmdline itaifichua. Iondoe katika /etc/default/grub, kisha endesha sudo update-grub. Kuna kadi, hata hivyo, ambazo kuondoa nomodeset hakuzisaidii: Mesa 22.0 ya mwaka 2022 (Mesa ni mkusanyiko wa draiva za OpenGL) iliondoa draiva za Radeon za kwanza kabisa na kuziacha katika tawi la pembeni liitwalo Amber. Kwa mashine kama hizo tumia mazingira mepesi ya madirisha: IceWM, au Xfce iliyozimwa madoido ya madirisha (compositing).

Limebaki tatizo la monita ya 1440×900 inayogoma kwenye 1024×768. Nomodeset ndiyo mshukiwa wa kwanza hapa pia. Kama haimo, tazama kebo ya VGA: monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia pini ya 12 na ya 15, na moja ikipinda au kukatika, kompyuta haijui imeunganishwa na nini. (Pini ya 9 haipo kwenye kebo nyingi tangu kiwandani, kwa hiyo pengo hilo lisikutie hofu.) Badilisha kebo kwanza. Ikishindikana, andika cvt 1440 900 upate mstari wa vipimo, uupeleke kwa xrandr --newmode, kisha --addmode pamoja na jina la tundu, kwa mfano VGA-1. Amri hizi zinahitaji kikao cha Xorg. Ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya Xorg, toka uchague Xorg kwenye skrini ya kuingilia, kama chaguo hilo lipo. Vipimo hivyo hupotea unapotoka kwenye akaunti, basi vikikubali, vihamishie kwenye faili ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d/, chini ya sehemu ya Monitor.