Kabla hujaja kuripoti seva imeingiliwa, cheki saa yake kwanza

Malalamiko ya mifumo kuingiliwa yamekuwa mengi siku hizi hapa Mombasa, kuanzia ofisi za kliaringi mpaka mahoteli ya Nyali, na sisi kwenye kitengo cha kupokea ripoti hizi twampokea kila mtu, lakini tuambiane ukweli, ripoti nyingi hazitusaidii manake saa zake hazishikani. Logi ya Windows, yaani kumbukumbu ya matukio, yasema mtu aliingia 02:14, logi ya iLO (twaieleza hapo chini) ya mashine hiyo hiyo yasema 23:14 ya jana yake. Sasa tumwamini nani?

Masaa matatu kamili kama hayo si kazi ya haka, jamani. Ni kile kijikompyuta cha usimamizi kilicho ndani ya seva, HP wakiita iLO na Dell wakiita iDRAC, kimeachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi huku tuko UTC+3. Kina saa yake na logi yake, na kiko macho hata seva ikizimwa bora tu stima inafika kwenye pawa saplai. Kurekebisha saa ya Windows si kurekebisha hiyo, tumelisema hili mpaka tumechoka. Ukikuta tarehe za 1970 basi hapo shida si zoni ya saa, saa yenyewe haijawekwa.

Kwenye iLO, ingia na akaunti ya admini, nenda upande wa mtandao, ufungue SNTP, sehemu ya kuchukulia saa kwenye mtandao, na uandike seva mbili za saa. Usikifungulie kitu hiki njia ya kwenda intaneti eti kikachukue saa, acha ruta ama domeni kontrola (seva inayosimamia akaunti za Windows za ofisi) ichukue nje halafu chenyewe kichukue kwao kwa poti ya UDP 123. Nafasi za kuandika zikikataa ni kwamba DHCP, huduma inayogawia mashine anwani za mtandao, ndiyo inayopeana saa, toa tiki yake kwanza. Kwenye zoni chagua Nairobi, usinune. Halafu uriseti iLO, na hapana, seva haizimiki, watu wa akaunti waendelee na kazi zao.

Upande wa kufuatilia hali ya mashine kupitia mtandao, yaani SNMP, ndiko kwenye aibu. Neno la kupitia limeachwa vile vile "public", na toleo la 1 na la 2c hulipeleka wazi kwenye waya kila mtu alisome. Tumia toleo la 3, lenye jina la mtumiaji, pasiwadi na usimbaji. Poti ya 161 iruhusu mashine ya ufuatiliaji peke yake, alati zitoke kwa 162, na hakikisha zamfikia mtu aliyepo kazini, si yule aliyeacha kazi kitambo, manake Jumamosi stima ikipotea na AC isiporudi kwa joto letu hili, alati ya temprecha ndiyo itakayokuokoa.

Sasa sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 40, yataka shambulizi liripotiwe kwa kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ndani ya saa 24, na asiyeripoti anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 200,000 ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote. Data za watu zikiguswa na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa anayeamua data hizo zitumikeje, yaani kampuni ama ofisi inayozishika, saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, na kampuni inayomchakatia data imwambie yeye ndani ya saa 48. Faini ya Kamishna yaweza kufika milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo. Masaa haya utayahesabu vipi na saa yako ni ya kubahatisha?

Ukija kwetu, usiwe umefuta logi kwa sababu taa ya onyo ya seva, ile ya rangi ya chungwa, inakukera. Na kabla hujaigusa saa mbovu, piga picha saa ya iLO na ya simu yako pamoja, tujue zimepishana kiasi gani, manake ukishairekebisha tofauti hiyo hatuipati tena. Andika 21:00, si "saa tatu". Leta logi zote mbili kama faili kamili, skrinshoti iliyokatwa nusu ya WhatsApp tutakurudisha nayo.