Miwani si anasa, mama

Juzi nimeisikia tena kauli kwamba miwani ni anasa, safari hii kwa fundi cherehani wa miaka 48 aliyekuja kulalamika kichwa. Nikamwuliza nani anamtungia uzi. "Binti yangu, akitoka shule." Na asubuhi? Asubuhi anapiga pasi na kukata vitambaa, sindano inangoja. Nilipomwandikia miwani ya kusomea akacheka: "Daktari, hiyo anasa. Kwani mimi nasoma nini?"

Jina ndilo linatuponza. Miwani hiyo ni ya kazi zote za karibu: sindano, kuchambua mchele, dozi kwenye chupa ya dawa, namba ya simu kabla hujamtumia pesa mtu usiyemjua. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, isiweze tena kubadili umbo ili ione karibu. Haichagui mwenye digrii. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuata wachuma chai wa Assam, India, wa miaka 40 na zaidi. Wote waliongeza uchumaji kadiri msimu ulivyokolea, ila ongezeko la waliopewa miwani liliwazidi wenzao kwa kilo 5 hivi kwa siku. Majani ya chai, jamani, si gazeti.

Mezani kwangu kuna sindano na uzi, makusudi. Nilimvisha lenzi za majaribio za +1.75. Uzi ukapita mara ya kwanza. Akanyamaza, kisha akauliza bei.

"Ukianza kuvaa, macho yanalemaa." Hapana. Namba, yaani nguvu ya lenzi unayohitaji, hupanda yenyewe hadi kwenye miaka ya 60, halafu hutulia. Asiyewahi kuvaa naye hufika hukohuko, ila amefika akikunja uso.

Karoti? Kula. Vitamini A jicho linaihitaji, lakini hailainishi lenzi iliyokakamaa.

Miwani ya jua nayo huitwa urembo. Mwambie hivyo mwenye ualbino. Ila weusi wa kioo peke yake si kinga: kioo cheusi kisichozuia miale ya UV (ile ya jua isiyoonekana) hupanua mboni, miale ikaingia zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400.

Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani inaweza kukufaa ikiwa macho yote mawili yana namba moja, lakini muuzaji hakupimi presha ya macho, na hiyo huiba uoni bila maumivu.

Halafu nunua kamba ya shingoni. Mnanicheka kila siku, na kila wiki ananirudia mtu aliyeikalia miwani yake kwenye kochi.