Katy hakuwa mwanamke, na reli yake haijafutwa kisheria

Ukifika Rocheport, kijiji kidogo kando ya Mto Missouri huko Marekani, utawakuta waendesha baiskeli wakipita kwenye njia ya kokoto laini iitwayo Katy Trail. Wengi hudhani Katy alikuwa mke au binti wa bosi fulani wa reli. La hasha. Ni herufi tu: kampuni ya reli ya Missouri-Kansas-Texas, iliyokuwa ikipitisha treni kwenye njia hii, iliandikwa MKT, watu wakaifupisha KT, na ukizitamka herufi hizo kwa Kiingereza unapata “Katy”.

Kosa la pili ni zito zaidi: kwamba treni zilipokoma mwaka 1986, reli ilikufa na ardhi ikageuzwa bustani moja kwa moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 inaruhusu mkondo wa reli uhifadhiwe kama njia ya miguu na baiskeli, huku haki ya kurudisha treni ikibaki pale pale. Kwa maneno mengine, reli imewekwa akiba. Bila mpango huo, vipande vingi vingewarudia wenye mashamba ya jirani, na baadhi yao walikwenda mahakamani kuupinga.

Alama za treni bado zipo. Hapo Rocheport kuna handaki la mawe la mwaka 1893, kwa kuwa majabali yaliziba ukingo wa mto. Na ukiona hutoki jasho kwenye baiskeli, usijisifu: mteremko ulisawazishwa kwa ajili ya injini nzito, zisizoweza vilima vikali.