Je, wajua kwa nini maziwa ndiyo yaliyowapa watoto wa Chernobyl saratani ya tezi ya shingoni?

Pita jioni kwenye karakana za kuchomelea vyuma maeneo ya Unga Limited, Arusha, utamkuta fundi ameshika pakiti ya maziwa. Muulize kwa nini, atakwambia yanakata sumu ya ule moshi alioshinda akiuvuta. Wapaka rangi husema hivyohivyo, na huko Moshi wanaonyunyizia kahawa dawa nao wana imani hiyo. Ndiyo maana mazungumzo yakifika kwenye mionzi, hakosekani mtu wa kushauri: kunywa maziwa.

Kwa mionzi, ushauri huo ni hatari, na historia imeshaonyesha hatari yake kwa namna ya kusikitisha sana. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, maziwa ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya mionzi kuingia kwenye shingo za watoto.

Tuanze na hiyo dhana ya kukata sumu, maana imeshika mizizi. Sumu ya kawaida ni kemikali, na kemikali inaweza kubadilishwa na kemikali nyingine. Atomu yenye mionzi iko tofauti. Tatizo lake limo ndani kabisa ya kiini chake, mahali ambapo tumbo, maziwa, ndimu au dawa ya kienyeji havifiki. Ukiyachemsha maziwa yaliyoingiwa na iodini yenye mionzi (iodini ni yale madini joto yanayowekwa kwenye chumvi), unaua bakteria tu, iodini inabaki. Ukiyagandisha yakawa mtindi, inabaki. Ukiyachuja, inabaki. Kinachoimaliza ni muda peke yake. Iodini-131, ile iliyotapakaa baada ya ajali, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Zikipita siku 80 inakuwa imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo maziwa hayohayo yakitengenezwa jibini au maziwa ya unga, yakafungiwa ghalani miezi mitatu, kwa upande wa iodini yanakuwa hayana shida tena. Mtoto anayenywa maziwa ya asubuhi ileile hana nafasi ya kusubiri hivyo.

Ajali yenyewe ilitokea usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, nchini Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Kinu namba 4 kililipuka, kikawaka moto kwa siku kadhaa, na upepo ukabeba vumbi na gesi hadi Belarusi, Urusi na mbali zaidi. Iodini ikatua kwenye majani. Ng'ombe mmoja anayechunga hula majani ya makumi ya mita za mraba kwa siku, hivyo kilichotawanyika malishoni kikakusanywa na mnyama mmoja na kutiwa kwenye ndoo moja. Kwa siku moja tu kilikuwa kimeshafika kwenye maziwa.

Mfugaji wa Kilimanjaro anayemfungia ng'ombe wake bandani na kumletea majani ya kukata anaweza kuona mara moja mahali ambapo mambo yangebadilika. Kama wale ng'ombe wangelishwa majani makavu yaliyovunwa kabla ya ajali, maziwa yangekuwa salama. Lakini serikali ilikaa kimya siku za mwanzo, na vijijini watu waliendelea kukamua na kunywesha watoto.

Sasa, kwa nini shingo? Mbele ya koo kuna tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji na kasi ya mwili kutumia nguvu, na homoni hizo haziundwi bila iodini. Kwa sababu iodini ni adimu kwenye vyakula vingi, tezi imejengwa kuinyakua kutoka kwenye damu kila inapopita.

Ifikirie kama shamba la migomba kule Kibosho au Machame linalosubiri zamu ya maji ya mfereji. Udongo uliokauka hunywa maji yoyote yanayofunguliwa, yawe masafi, yawe na tope, yawe yamepita kwenye zizi la jirani. Haubagui, una kiu. Udongo ulioshiba maji toka jana hauna pa kuyaweka, nayo yanapita juu yake hadi bondeni. Tezi haina uwezo wa kutofautisha iodini ya kawaida na ile yenye mionzi, kwa kuwa kikemia ni kitu kimoja. Linaloamua ni kiu yake siku ile. Ikiwa imeshiba iodini safi, sehemu kubwa ya ile yenye mionzi hupita na kutoka kwa mkojo. Ikiwa na njaa, huivuta na kuikalia. Mionzi inayotoka humo husafiri milimita chache tu, kwa hiyo karibu nguvu yake yote inaishia ndani ya tezi yenyewe, ikikatakata vinasaba vya seli zake.

Kwa mtoto, mambo ni mabaya maradufu. Tezi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Ya mtoto wa mwaka mmoja haifiki gramu 3. Kikombe kilekile cha maziwa kinamwaga nguvu yake kwenye nyama ndogo zaidi, ambayo bado inakua na seli zake zinagawanyika. Kwa watu wazima walioishi maeneo yaleyale, ushahidi wa ongezeko la saratani ya tezi kutokana na mionzi ni dhaifu.

Hapa ndipo dhana kwamba aliye mbali ndiye salama nayo inapoanguka. Wakazi wa Pripyat, mji uliokuwa ubavuni mwa kinu, walipewa vidonge vya iodini na kuhamishwa tarehe 27 Aprili. Watoto wengi wa vijijini, mbali zaidi, waliobaki wakinywa maziwa, walipata dozi kubwa ya mionzi kuliko wao. Poland ilifanya jambo la busara: ndani ya siku chache zaidi ya watoto milioni 10 walinyweshwa iodini safi.

Ongezeko la saratani lilianza kuonekana mwaka 1990. Madaktari wa Belarusi walipoliandika kwenye jarida la Nature mwaka 1992, wataalamu wengi wa nje walisita. Walisema ni mapema mno, na kwamba ukipima shingo nyingi lazima utakuta uvimbe mwingi. Swali lao lilikuwa la haki, na jibu lililokuja linastahili kusomwa polepole. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti waliwapima kwa altrasaundi watoto wa shule wa Gomel, Belarusi, wakiwagawa kwa tarehe ya kuzaliwa. Kati ya watoto 9,720 waliozaliwa kabla ya ajali, 31 walikuwa na saratani ya tezi. Kati ya 2,409 waliokuwa tumboni au waliozaliwa miezi michache baada yake, alikutwa 1. Kati ya 9,472 waliozaliwa kuanzia 1987, hakukutwa hata mmoja. Mkoa mmoja, mashine zilezile, ndugu wa nyumba moja pengine. Tofauti ni kwamba hao wa mwisho walizaliwa iodini-131 ikiwa imeshaisha duniani kwao.

Hata hivyo hoja ya upimaji haikufa. Hadi 2015 wagonjwa karibu 20,000 walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana mwaka 1986, na kamati ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya mionzi ilikadiria kwamba takriban robo tu ndiyo inayoweza kuhusishwa na mionzi. Waliobaki ni umri unaosonga na vipimo vilivyo makini zaidi. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, ni mfano wa wazi zaidi. Maziwa yalizuiwa mapema, dozi zikawa ndogo sana, lakini watoto wapatao 300,000 walipopimwa, saratani zilipatikana kwa idadi iliyotisha. Kamati hiyohiyo imesema chanzo ni ukali wa upimaji, si mionzi.

Na chumvi je? Mwaka 2011, kwa hofu ya Fukushima, Wachina waligombania chumvi madukani wakidhani itawakinga. Dozi ya vidonge vya kinga ya mtu mzima ina miligramu 100 za iodini. Chukua paketi ya chumvi pale Mbuyuni, Moshi, yenye maandishi ya madini joto, tuseme ina miligramu 40 kwa kilo: ungelazimika kula kilo 2 na nusu kwa mkupuo, na chumvi ingekuua kabla ya mionzi. Faida ya chumvi hiyo ni ya miaka iliyotangulia ajali, inapoizuia tezi isiwe na kiu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uligundua kwamba watoto wa maeneo ya Belarusi na Urusi yenye upungufu wa iodini walikuwa na hatari ya saratani ya tezi mara tatu hivi ya wengine, kwa dozi ileile ya mionzi. Ardhi za milimani kwa kawaida ni maskini wa iodini, na ndiyo sababu chumvi ile ni ya lazima kwetu pia, ajali iwepo isiwepo.

Saratani hii kwa bahati hutibika vizuri. Katika wagonjwa zaidi ya 6,000 waliohesabiwa hadi 2005, waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa 15. Wengi waliondolewa tezi na humeza homoni kila siku. Baadhi walipewa pia, kwa makusudi, iodini-131 ileile. Dozi ndogo huiacha seli hai ikiwa na vinasaba vilivyovunjika. Dozi kubwa huiua kabisa, na seli za tezi zilizosambaa mwilini huivuta zenyewe popote zilipo. Kabla ya tiba hiyo mgonjwa huambiwa aache kwa wiki moja au mbili chumvi yenye madini joto, samaki wa baharini na maziwa, ili seli zilizobaki ziwe na kiu ya kutosha.