Afya ya dunia haianzii uwanja wa ndege

"Ukitaka kusomea afya ya dunia, andaa pasipoti na chanjo ya homa ya manjano." Ndivyo wanavyoambiwa vijana wengi wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaoingia chuo Marekani. Basi tuutazame ugonjwa wa Chagas, aliougundua daktari Carlos Chagas huko Brazil mwaka 1909. Mdudu anayeueneza hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo, usiku akatoka kumnyonya damu usoni aliyelala, kisha akajisaidia papo hapo. Ukijikuna, vimelea vinaingia. Kwa baadhi ya watu, miaka mingi baadaye moyo hupanuka. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kwamba takriban watu 300,000 wanaishi nao Marekani, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, na wengi hawajijui. Kwenye damu ya kuchangia, huko ulianza kupimwa 2007 tu. Mwanafunzi ambaye bibi yake alilelewa katika nyumba ya udongo kijijini El Salvador ana swali la utafiti nyumbani kwao kabla hajafungua kitabu.

"Kihispania unakijua, umemaliza." Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtoto wa miaka kumi anajua kuomba maharage kwa Kihispania. Kumtafsiria mama yake maneno ya daktari kwamba uvimbe wake utakatwa kipande kipelekwe maabara ni jambo jingine. Hata maneno akiwa nayo, mdomo unagoma. Ndiyo maana kanuni za serikali kuu za 2016 ziliwazuia watoa huduma wanaopokea fedha zake kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Halafu nenda Oxnard, California: wachuma stroberi wengi wanazungumza Kimixteco, lugha ya wenyeji wa asili wa Mexico, na Kihispania kwao ni lugha ya kujifunza. (Watoto wa Wakongo waliowatafsiria wazazi wao Kiswahili kwenye hospitali za Marekani wanaijua kazi hii vizuri.)

Kuhusu ada ya chuo, watu husema serikali inatoa mikopo tu. Lakini Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ni ruzuku, hairudishwi. Kima cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Fomu yake, FAFSA, ni bure, na mzazi asiye na vibali vya kuishi nchini hamzuii mtoto aliye raia kuomba. Hofu ya mzazi kuandika jina lake kwenye karatasi ya serikali ndiyo inayokwamisha, na siwezi kuiita ujinga.

Dada yako amehitimu? Bado unahesabiwa wa kizazi cha kwanza kusoma chuo: sheria inaangalia kama wazazi wana shahada ya kwanza.

Na udaktari si sharti. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii inawapokea waliosomea takwimu, hata anthropolojia. Promotora, mama wa mtaani anayegonga milango kukumbusha watu kupima sukari, mara nyingi hana digrii yoyote. Medi-Cal, bima ya California ya wenye kipato kidogo, ilianza kulipia kazi yake Julai 2022.